Sikusikia presha, nikaandika 120/80

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi? Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, diploma, mwaka wa pili, hapa Nairobi. Chuoni nilikuwa sawa kabisa. Kwenye manikini, yule mwanasesere wa mazoezi, napima presha, naweka branula (ile sindano yenye mrija wa plastiki unaobaki mshipani kwa ajili ya dripu), naweka mpira wa mkojo, na mwalimu anatia sahihi. Tangu tupelekwe wodi ya wanaume nimekuwa mtu mwingine. Mikono inatetemeka mpaka mgonjwa anaona. Juzi nilimpima mzee mmoja presha nisisikie kitu. Wenzangu wakasema niandike tu 120/80 kwa sababu asubuhi ilikuwa hivyo. Nikaandika. Tena tuko wanafunzi wengi wa vyuo tofauti, branula moja ikitokea tunaigombania watu sita, na kitabu changu cha kurekodi kazi nilizofanya wodini kina sahihi chache. Nifanye nini mikono ifunguke? Na stetoskopu, ninunue yangu au nitumie ya wodi? – Mwanafunzi, Githurai

JIBU: Nianze na ile 120/80. Umeitaja kama jambo la kupita, lakini kwangu ndiyo swali lenyewe. Mikono ya mwanafunzi hufunguka, hilo lisikunyime usingizi. Kuandika usichokisikia nako ni ujuzi, na kila zamu utakayoufanyia mazoezi utazidi kuumudu, mpaka ifike siku wewe mwenyewe hujui kama ulisikia au hukusikia.

Kwa hiyo kabla ya mengine yote: kama mzee huyo bado yuko wodini, mwendee sista wa zamu umwambie, "Sista, kipimo changu cha juzi cha kitanda kile sikukisikia. Naomba nimpime tena ukiwepo." Kwenye chati usipake wino mweupe wala usiandike namba juu ya namba. Kata kwa mstari mmoja, kilichoandikwa kibaki kinasomeka, andika kando kwamba ni kosa, tarehe, saa na sahihi yako. Kipimo kipya kiandikwe kwenye saa kilipopimwa, si kwenye nafasi ya kile cha zamani. Huenda ukakaripiwa. Vumilia. Sista aliyekukaripia leo kwa kusema ukweli ndiye atakayekuita kesho kukitokea jambo la kujifunza, kwa sababu anajua ukisema umeona, umeona.

Sasa, kwa nini hukusikia? Manikini amelala kimya, mkono umenyooka, mlango umefungwa. Wodini kuna kikohozi cha kitanda cha pili, toroli ya chai, redio ya mtu, na ikifika saa saba mchana wageni wamejaa hadi kwenye korido. Lakini mara nyingi kelele si sababu. Wanafunzi wengi wanasubiri kusikia moyo ukidunda, na moyo hauko hapo. Sauti zile, ambazo daktari wa upasuaji Mrusi Nikolai Korotkov alizieleza mwaka 1905, ni damu inayopenya kwa vurugu kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ikiwa imebanwa nusu na mkanda wa presha. Ukiibana yote, kimya. Ukiiachia yote, kimya. Katikati ndipo inapopiga kelele. Ukilijua hilo utaacha kushtushwa na kimya cha mwanzo, na utaelewa kwa nini sauti ya kwanza ni namba ya juu, na pale sauti inapotoweka ni namba ya chini.

Ateri yenyewe haiko katikati ya kiwiko kama wengi wanavyodhani. Iko upande wa ndani, upande wa kidole kidogo, kando ya ule mshipi mgumu wa msuli unaousikia ukikunja mkono. Itafute kwa vidole kwanza, uisikie ikidunda, ndipo uweke stetoskopu. Na mwezi wa Julai Nairobi, mzee ana sweta mbili na koti. Ukiikunja mikono ya sweta kuelekea juu inambana, na kipimo kinaharibika kabla hujaanza. Mwombe atoe mkono mmoja nje, umfunike blanketi begani.

Kuna hatua moja ambayo wanafunzi huiruka wakifika wodini kwa sababu inaonekana ya kitoto: kupima kwa vidole kabla ya kupima kwa masikio. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Jaza hewa kwenye mkanda mpaka mapigo yapotee. Tuseme yamepotea kwenye 150. Toa hewa yote, subiri kidogo, sasa weka stetoskopu na ujaze haraka mpaka 180, yaani 30 zaidi. Kisha achia polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukiachia kwa pupa mshale unapita sauti ya kwanza kabla masikio hayajajua kinachoendelea.

Ubaya wa kuiruka ni huu. Chukua mzee mwenye presha ya muda mrefu. Sauti zake zinaanza kwenye 190, zinanyamaza kwenye 170, zinarudi kwenye 150, kisha zinatoweka kwenye 100. Mwanafunzi anayejazia kila mtu hadi 160 atasikia sauti ya kwanza kwenye 150 na ataandika 150/100 kwa moyo mweupe, mzee akiwa na 190. Hakudanganya, na bado chati imedanganya. Vidole vyake vingemwambia ukweli, kwa sababu mapigo ya kifundo hayapotei kwenye kile kimya cha katikati. Yanapotea tu ateri ikifungika.

Na siku ambayo masikio yamekataa kabisa, ile namba ya vidole ni kipimo halali. Andika namba ya juu, uandike kwamba ni kwa kugusa, na umwambie sista. Ungefanya hivyo juzi usingehitaji 120/80 ya mtu. Ukitaka kujaribu tena, mwinue mgonjwa mkono juu ya kichwa kama nusu dakika, jaza hewa ukiwa bado juu, ushushe, kisha usikilize. Damu iliyotuama mkononi imeshuka, na sauti zinakuja wazi zaidi. Kati ya kipimo na kipimo mpe dakika moja, usimpampu mara tano mfululizo hadi mkono uwe wa zambarau.

Mengine unayajua ila hamyafanyi: akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono usawa wa moyo, kibofu kisiwe kimejaa. Usiongee naye wakati unapima. Mkanda nao: mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ambayo mgonjwa hana, na watu huanzishiwa dawa kwa sababu hiyo. Kama wodi ina mkanda wa saizi moja tu, andika hivyo.

Nikuibie na siri ya walimu. Zile mashine za mshale zina mistari inayoruka mbili mbili. Nikiona 117/73 kwenye chati ya wodi isiyo na mashine ya umeme, namwita mwenye sahihi tuzungumze. Nikiona wagonjwa wote wa upande mmoja wana namba zinazoishia na sifuri, pia namwita. Na nikiona mstari mzima wa upumuaji, kitanda hadi kitanda, umeandikwa 20, siiti mtu, kwa sababu nitalazimika kuita darasa zima.

Hapo kwenye upumuaji nikae kidogo. Ndicho kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kinachobadilika mapema mgonjwa anapoanza kuharibika. Mtu mzima akitulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Aliyefika 28 anakuambia jambo, hata kama presha yake ni nzuri na anakuchekea. Hesabu dakika nzima. Ukisha kuhesabu mapigo usiuachie mkono. Endelea kuushika kana kwamba bado unahesabu, macho yako yahamie kifuani au kwenye blanketi linalopanda na kushuka. Mtu akijua unamhesabia pumzi, pumzi hubadilika.

Utakapofika zamu ya uzazi, hospitali ya Pumwani au kwingineko, utaelewa kwa nini nasisitiza. Mama kijana anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kubaki na presha ya kawaida kwa muda huku mapigo na pumzi zikikimbia. Mwili wake unajikaza. Presha ikija kuanguka, umechelewa. Na kwa miaka mingi damu yenyewe ilikuwa ikikadiriwa kwa macho, shuka likitazamwa na mtu akisema "si nyingi." Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa karatasi ya plastiki yenye mistari ya vipimo ya kukinga damu chini ya mama, na wakafundishwa kuanza matibabu yote kwa pamoja mara tu damu ikifika kiwango fulani. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi, kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu hiyo au kufa vilipungua kwa asilimia 60. Dawa zilizotumika zilikuwa zinajulikana. Kilichoongezwa ni kupima badala ya kukisia, na kuchukua hatua kwa pamoja bila kungoja.

Haya, mikono. Inatetemeka kwa sababu mbili, na moja ni ya tumbo. Mtu anayetoka Githurai saa kumi na moja alfajiri ili awahi ripoti ya asubuhi, akashinda na chai ya rangi peke yake, ana haki ya kutetemeka. Kula. Beba yai na viazi vitamu kama canteen ni ghali. Sababu ya pili ni kwamba mkono wako unaelea hewani. Chuoni manikini yuko kwenye meza ya urefu wako. Wodini unainama juu ya kitanda kifupi, viwiko vimeachana na mwili, halafu unataka ncha ya sindano itulie. Vuta stuli ukae. Egemeza kiwiko ubavuni. Kidole kidogo cha mkono unaoshika branula kikae juu ya mkono wa mgonjwa, kisiondoke. Toa pumzi unapochoma. Utatetemeka, lakini mkono wako na mkono wake vitatetemeka pamoja, na sindano haitajua.

Vitu vyote viwe kwenye treyi kabla hujamgusa mtu: glavu, kamba ya kubania, spiriti na pamba, branula mbili, plasta ambayo umeshaikata, sirinji ya maji ya chumvi, kasha la sindano chafu karibu na mkono. Wanafunzi wengi hukosa mshipa wakiwa wameshaupata, kwa sababu damu imeshaonekana na sasa wanatafuta plasta mfukoni kwa mkono mmoja.

Kuhusu mshipa wenyewe, acha kuutafuta kwa macho. Wagonjwa wetu ni weusi, taa ya wodi ni hafifu, na mshipa mzuri wa dripu mara nyingi hauonekani. Funga kamba sentimita 7 hadi 10 juu ya pale utakapochoma, fumba macho ukitaka, upapase kwa kidole kile kile kila siku. Mshipa mzuri hurudi juu ukiubonyeza, kama mpira uliojaa hewa kiasi. Kano haibonyei. Ateri inadunda, iache. Mshipa ulio mgumu kama uzi ulishachoka na branula za waliotangulia.

Ingia kwa mlazo, nyuzi 10 hadi 30. Damu ikionekana kwenye kichumba cha nyuma, hapo ndipo karibu kila mwanafunzi anapoharibu: anashangilia, anasukuma plastiki, na mshipa unavimba. Damu imeonekana kwa sababu ncha ya sindano imeingia, lakini plastiki iko nyuma yake kidogo na bado iko nje ya mshipa. Laza branula iwe karibu sambamba na ngozi, isogeze milimita mbili tatu zaidi, yote kwa pamoja, ndipo uishikilie sindano na kuisukuma plastiki iteleze. Fungua kamba kwanza, kisha bonyeza mshipa juu ya ncha, kisha chomoa sindano. Ukishaitoa sindano, hata robo tu, usiirudishe ndani ya plastiki ukiwa bado mkononi mwa mtu. Inaweza kuikata, na kipande kikasafiri kwenye damu. Ukikosa mara mbili, mwite mwingine. Mgonjwa si uwanja wa mazoezi, na hata sista mzoefu hukosa.

Ukijidunga sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, na ripoti dakika hiyo hiyo. Hatari ya kupata virusi vya ukimwi kwa kudungwa mara moja na sindano ya mwenye virusi ni kama 3 katika 1,000, ndogo, lakini dawa za kinga zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na humezwa siku 28. Homa ya ini aina ya B inaambukiza kwa njia hiyo mara nyingi zaidi kwa asiyechanjwa. Kama hujamaliza sindano zako tatu za chanjo, hilo ni la wiki hii. Kuna wanafunzi wanaoficha kwa kuogopa kugombezwa. Afadhali ugombezwe.

Tufike kwenye kitabu na sahihi. Najua mkaguzi atakihesabu, na najua huwezi kufika mtihani wa Baraza la Wauguzi ukiwa na kurasa tupu. Lakini umejipanga kwenye foleni ya watu sita kungojea branula moja, na wakati huo huo kuna wagonjwa ishirini ambao hakuna anayewagombania kuwaogesha. Jitolee kuwaogesha. Nasema kwa dhati. Wanafunzi wanaona kumwogesha mgonjwa kitandani ni kazi ya mwaka wa kwanza, nami naona ndiyo kazi inayomtofautisha anayejua na anayebahatisha.

Saa kumi na mbili asubuhi, beseni, maji ya vuguvugu, pazia limevutwa. "Guka (babu), habari ya asubuhi? Mimi ni mwanafunzi. Naomba nikuogeshe, uniambie nikikuumiza." Akikataa, ni haki yake, rudi baadaye. Akikubali, umepata nusu saa na mwili mzima wa mtu. Unaona anavyopumua akilala chali, na kama anaomba mto wa pili. Ukimwosha mguu unabonyeza ngozi juu ya mfupa wa mbele, kidole kinaacha shimo, kumbe maji yamejaa. Unafika kwenye branula ya juzi: nyekundu, inauma, mshipa umekuwa kamba. Hiyo inatolewa leo, na kuna nyingine ya kuwekwa, na ni nani aliyeigundua? Mgeuze ubavu, tazama kiunoni juu ya mkia na visigino. Wekundu usioisha ukibonyeza ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi, kwa hiyo gusa, uone kama hapo pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Umeshaona kama amekojoa usiku, mkojo una rangi gani, kama anajua leo ni siku gani, na kama mkono mmoja umelegea kuliko jana.

Kisha unamwendea sista na maneno mafupi: kitanda fulani, branula imevimba, anapumua 26 kwa dakika, nimehesabu mwenyewe, miguu imejaa kuliko jana. Sista haulizi ni mwanafunzi wa chuo gani. Anakuambia chukua treyi. Branula hiyo ni yako, na wale watano waliobaki kwenye korido hawakuisikia hata ikitangazwa. Sijui njia nyingine ya uhakika ya kujaza kitabu.

Mambo mawili ya haraka hapo hapo. Zamu ya usiku na wikendi wanafunzi ni wachache, omba hizo. Na dripu, ambayo hamuigombanii, ina hesabu ambayo wengi wanaikwepa kwa kukodolea macho matone na kusema "inaenda vizuri." Seti ya matone 20 kwa mililita, mililita 500 ziende saa 4: zidisha 500 kwa 20, gawanya kwa dakika 240, unapata kama 42 kwa dakika. Shika saa, hesabu matone ya sekunde 15. Yakiwa 10 au 11 uko sawa. Rudi baada ya nusu saa, kwa sababu mgonjwa akikunja kiwiko kila kitu hubadilika.

Stetoskopu nunua, hata ya bei ya wastani. Ya wodi hupita masikio mengi na hupotea wakati wa raundi. Kabla ya kulipa, ivae: ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua, ukizigeuza hutasikia kitu, na nashuku hilo lilikuwepo juzi. Kama kichwa chake kina pande mbili, kinazunguka. Gonga polepole kwa ukucha ule upande mpana ujue kama ndio uliofunguka. Mpira usiwe mrefu sana wala mwembamba. Ifute kwa spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa, na uandike jina lako juu yake kwa plasta leo hiyo hiyo, kwa sababu madaktari wa raundi huazima na hawarudishi.